Mzizi wa Mgeni

Jumatano ile Bi Semeni alirudi kutoka zahanati na kikapu kizito vile vile alivyoondoka nacho asubuhi, na binti yake Mwatumu, aliyekuwa uani akisuka ukili wa mkeka, akajua kabla ya kuambiwa kwamba kuna jambo limeharibika. Kila Jumatano mama yake alitandika mkeka chini ya ukuta wa zahanati, akapanga juu yake vifungu vya mizizi ya mdaa, na wanawake wa Pongwe waliokuja kupima watoto wakaondoka navyo. Huyu ufizi unamtoka damu, yule jino limemnyima usingizi, yule mwanawe ana vidonda vya kinywa. Walimpa papai, mayai, pengine dua tu. Kikapu hakikuwahi kurudi na mizizi.

Bi Semeni alivua baibui, akalikunja taratibu kuliko kawaida yake, akaketi. Ndipo akasimulia. Dresa wa zahanati, yule mfunga vidonda, alikuwa amesimama mbele ya wanawake wote, akasoma karatasi iliyotoka mjini Tanga, kwenye maabara ya mimea. Karatasi ilisema mizizi ya mdaa wa Pongwe imepimwa, na haikuonekana ndani yake kitu chochote cha kufaa meno wala ufizi. Wanawake wakageuka kumtazama. Jirani mmoja, mtu wa mzaha tangu utoto wake, akamwambia, "Bi Semeni, kumbe miaka yote hii umetutafunisha kuni." Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko hakiulizwi nia yake. Anayechekwa anaumia tu.

"Na chini ya karatasi," Bi Semeni alimaliza, "pana jina. Uweso bin Idarusi."

Ukili ulisimama mikononi mwa Mwatumu.

"Huyo huyo aliyekula wali wangu," mama yake akasema. "Huyo huyo ambaye barua yake ya posa imo ndani ya kasha langu."

Barua hiyo ililetwa na wazee wa Uweso kutoka Moa wiki tatu nyuma, imefungwa katika leso nyeupe, na keshokutwa, Ijumaa baada ya sala, wazee hao wangerudi kuchukua jibu. Mpaka asubuhi ile kila mtu nyumbani alilijua jibu. Baba yake Mwatumu alikwisha fariki, wajomba walikuwa wamemwachia Bi Semeni neno la mwisho, na Bi Semeni alikwisha anza kuulizia ni nani mwenye mbuzi aliyenona. Sasa alisema, bila kupandisha sauti, kwamba wazee wa Moa wataambiwa hapana. Mwatumu alifungua kinywa. Mama yake akainua mkono.

"Sikatai kwa hasira, mwanangu. Nakataa kwa kuwa nimemjua. Mtu aliyekula kwangu, akaona kasoro kwangu, akaenda kuitangaza kwa watu asinirudie mimi kwanza, siku akiona kasoro kwako ataipeleka wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Ila lilikuwapo jambo ambalo yeye alilijua, na mama yake alilijua, na Uweso peke yake hakulijua. Mizizi ile iliyopimwa haikuwa mdaa wa dawa. Mwatumu ndiye aliyeichimba kwa mikono yake, na aliichimba kwa kuamriwa.

Uweso alikuja mara ya kwanza baada ya masika, kwa baiskeli, na gunia mgongoni na magazeti makuukuu ya kubania majani. Alikuwa amerudi kutoka Makerere mwaka ule ule, na elimu ilikuwa bado mpya mwilini mwake kama shati la Idi. Alisalimia kila mtu. Alikaribia kusalimia vifaranga. Kisha akamweleza Bi Semeni alichokuwa akitafuta. Alisema midaa ni vichaka vya ukoo mmoja, ndugu wa baba mmoja, na kama ilivyo katika ukoo wa watu, huyu hurithi sauti, yule hurithi mkono wa kazi, na mwingine hurithi hasira tu. Yeye alitaka kujua kila ndugu amerithi nini mzizini. Bi Semeni aliyapenda maneno hayo hata akampakulia wali mara ya pili. Lakini alipoombwa mzizi alimwita binti yake ndani, akamnong'oneza, "Mpe mzizi wa mgeni."

Ndivyo ilivyokuwa nyumbani mwao tangu enzi za bibi yake bibi. Mtu anayekuja mara ya kwanza hapewi mdaa wa majabalini, ambao ndio dawa. Hupewa mdaa wa njiani, nduguye, usiodhuru wala kuponya. Akirudi akasema, "Mama, haukunisaidia," basi huyo ni mtu wa kuaminika, naye atapewa wa kweli. Asiporudi, au akienda kusema pembeni, siri imesalimika. Mdaa wa majabalini ulikuwa mchache, na wachimbaji wa kuuza wakiujua wangemaliza kilima chote kwa msimu mmoja.

Mwatumu alitii. Alimwongoza Uweso mpaka kando ya barabara, akachimba, na Uweso akachutama pembeni yake akimuuliza jina la kila jani, na kila alichojibiwa akakiandika katika daftari. Hapana mtu aliyewahi kuandika neno lililotoka kinywani mwa Mwatumu. Alipoinua macho kutoka kwenye daftari alimkuta msichana anamtazama, na hakuna kati yao aliyeharakisha kutazama pengine. Ulimi ulimwasha Mwatumu siku ile. Alitaka kumwambia, huu siwo. Akanyamaza, akafunga kifungu, akamkabidhi.

Baada ya hapo Uweso alipita mara mbili kwa kisingizio cha majani, kisha akatuma wazee. Habari ya mzizi hakuitaja tena. Bi Semeni aliuliza kila mara, "Bado hajasema?" Na Mwatumu alijibu, "Bado, mama," huku moyoni akimwombea aseme.

Alhamisi asubuhi Mwatumu aliaga kwamba anakwenda mjini na shangazi yake. Shangazi Kijakazi, dada wa marehemu baba yake, alikuwa mjane asiyeogopa kitu isipokuwa nyuki, na alipoambiwa safari ni ya wapi alijifukiza udi kama mtu aendaye harusini. Alisema anataka kumwona vizuri huyo mpimaji wa kuni. Walipanda basi la asubuhi litokalo Muheza, lililokuwa likinukia machungwa, na ndani ya kikapu cha Mwatumu, chini ya kanga, mlikuwa na vifungu vitatu vya mizizi, kila kimoja kimefungwa kwa ukili wa rangi yake.

Maabara ilikuwa vyumba viwili vyenye madirisha makubwa na harufu ya spiriti. Aliyewafungulia alikuwa Manase, msaidizi wa pale, Mbondei mwembamba mwenye miwani. Alimwamkia shangazi, akamtazama Mwatumu, akatazama kikapu, akageukia chumba cha ndani. "Bwana Uweso," akaita, "wenye mdaa wamekuja. Kwa nyuso hizi, sidhani wamekuja kunywa chai."

Uweso alitoka na koti jeupe, vidole vimepata rangi ya kahawia. Alipomwona Mwatumu uso wake ulichangamka, kisha ukakumbuka, ukazima. Alimwamkia shangazi shikamoo. Shangazi aliitikia marahaba fupi kama mtu anayefunga kufuli.

"Karatasi yako imesomwa mbele ya mama yangu," Mwatumu akasema. "Wamemwambia anatafunisha watu kuni."

Uweso aliketi. Alieleza kwamba karatasi ile aliiandikia mkuu wake tu, hakujua kwamba nakala ingepelekwa zahanati, na kwamba jina la Bi Semeni hakulitaja mahali popote. Mwatumu akamuuliza, kwani Pongwe wako wangapi wagawao mdaa? Uweso akainamisha kichwa.

"Nataka kukuuliza jambo moja," Mwatumu akaendelea. "Ulipoona mzizi hauna kitu, kwa nini hukurudi kutuuliza?"

Uweso alisugua ile rangi ya kahawia vidoleni mwake.

"Niliona aibu," Uweso akasema mwishowe. "Wazee wangu walikwisha leta barua. Nikajiuliza, nitasimamaje mbele ya mama yako nimwambie dawa aliyorithi kwa mama yake si dawa? Nikaona niandike ukweli, ukweli ujisemee wenyewe."

"Kwa hiyo ulishindwa kumwambia usoni, ukamwambia kwa karatasi."

"Ndiyo."

Hakuongeza neno la kujitetea. Shangazi Kijakazi, aliyekuwa amekuja na matusi matatu yaliyopikwa yakaiva, akabaki nayo hana pa kuyaweka.

Mwatumu alitoa vifungu, akavipanga mezani. Alisema naye ana lake, na ni haki Uweso alisikie. Akamweleza habari ya mzizi wa mgeni, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kujificha. Alipofika mahali alipochimba na kunyamaza sauti ilimpungua kidogo, lakini hakusimama.

Uweso alikuwa amekwisha inuka. "Ulijua," akasema. "Ulinitazama nikiandika, na ulijua."

"Nilijua."

"Nimeupima mzizi ule mara nne, Mwatumu. Mara nne. Nilidhani mkono wangu ndio wenye kasoro. Kumbe nilikuwa ninapimwa mimi."

"Ulikuwa unapimwa."

"Na wewe?" Sauti yake sasa ilikuwa ya mtu aliyeumia kuliko aliyekasirika. "Na wewe pia ulikuwa unanipima?"

"Mimi nilikuwa nakuombea urudi," Mwatumu akajibu. "Kila siku. Lakini siri ni ya mama yangu, haikuwa yangu kuitoa. Leo nimeitoa, na nikifika nyumbani nitamwambia nimeitoa. Usidhani nimekuja kukubembeleza. Nimekuja upime."

Uweso alimtazama kwa muda ambao Manase aliona ni heri akatafute sukari. Kisha akavuta koti lake vizuri, akachukua kisu, akaanza kukwangua magome.

Alilowesha kila gome kwa spiriti katika kichupa chake. Kulikuwa na vichupa vinne, kwa kuwa na ule mzizi wa zamani alikuwa ameuhifadhi. Alichukua karatasi nene nyeupe, ya aina ya kuchujia, akapiga mstari wa penseli karibu na ukingo wa chini, na juu ya mstari akadondosha matone manne. Akauning'iniza ukingo huo ndani ya mtungi wa kioo uliokuwa na spiriti kidogo chini, akafunika. Akamweleza Mwatumu kwamba spiriti itapanda kwenye karatasi kama mafuta yapandavyo utambi, na itabeba vilivyomo ndani ya mizizi. Kila kitu kina kituo chake cha kushukia. Vitu vya aina moja hushuka kituo kimoja, hata kama vimetoka kwa ndugu tofauti.

"Na sisi tufanye nini?"

"Tungoje."

Wakangoja. Manase alileta chai. Shangazi Kijakazi aliukazia mtungi macho mpaka subira ikamwishia. "Mwanangu," akamwambia Uweso, "yaani ulikwenda mpaka Uganda kusomea kuangalia karatasi ikilowa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi hutamchosha mke. Mvumilivu wewe."

Mwatumu alikunywa chai ili asicheke. Uweso alimsogelea kidogo, akamuuliza jinsi wao nyumbani wanavyoitofautisha mizizi hiyo. Mwatumu alieleza kama mtu anayeeleza njia ya kisimani. Wanachemsha kila mzizi peke yake, wanatumbukiza kipande cha ukili, wanatia maji ya majivu. Ukili wa mdaa wa njiani hubaki manjano ya ovyo. Wa majabalini hugeuka zambarau, kisha ndipo unapoiva ukawa mweusi.

Uweso akaweka kikombe chini. "Zambarau? Kwa maji ya majivu?"

"Tangu nizaliwe."

Akachukua daftari, akaliandika neno lake, kama siku ile. Safari hii hakuwa na haraka ya kurudisha macho kwenye daftari. Alimwambia, kwa sauti ambayo shangazi alijifanya haisikii, kwamba siku ile njiani alikosea kuandika majina ya majani mawili, kwa sababu hakuwa akiyatazama majani. Mwatumu akamjibu kwamba aliona, na kwamba hata yeye alichimba shimo refu kuliko lililohitajiwa.

Adhuhuri ilipokaribia Uweso aliitoa karatasi, akaipunga mpaka ikakauka. Juu ya kila tone palikuwa na doa hafifu la manjano, yote manne yakifanana kama mayai ya kuku mmoja. Hapa ndipo alipoishia kila mara, alisema. Manjano ya namna hii yamo katika vichaka vingi, kwa hiyo hakuyajali. Akamwomba Manase chupa ya amonia, ambayo kwa ukali ni kama majivu yaliyozidishwa mara mia. Akafungua, akaipitisha karatasi juu ya mvuke wake.

Doa la mzizi wa zamani lilibaki manjano. La mdaa mpya wa njiani likabaki manjano vile vile, pacha wake. La mdaa wa majabalini lilianza kuiva pembezoni, kisha likafumka lote, zambarau nzito kama ua la mbilingani. Mwatumu akasikia moyo wake unapiga kwa fahari, kana kwamba ni mama yake aliyeingia chumbani amevaa vizuri.

Lakini Uweso alikuwa akitazama doa la nne. "Huu ni upi?"

"Wa mashambani. Huo tunatilia rangi mikeka tu, bila majivu; nimeuleta kwa kuwa ulitaka ndugu wote. Umejaa kila shamba lililolala."

Doa la nne nalo lilikuwa zambarau. Lilikuwa hafifu kidogo, lakini lilikuwa kituo kile kile, sawasawa na la majabalini; Uweso alipima kwa rula mara tatu. Mwatumu alilifahamu kabla hajaelezwa. Mama yake amepanda majabali miaka arobaini, kumbe ndugu wa mzizi huo amelala nyuma ya jikoni.

"Karatasi inasema kilichomo," Uweso akasema polepole. "Haisemi kama kitamponya mtu. Hilo anayelijua ni mama yako, na nitakwenda kumuuliza leo."

"Atakufukuza."

"Atanifukuza nikiwa nimemwambia usoni."

Shangazi Kijakazi aliinuka, akatengeneza baibui. Alisema kwamba alikuja kumtukana mtu, sasa anaondoka na njaa, na haya ndiyo madhara ya elimu.

Alasiri ile nyumba ya Pongwe ilikuwa kimya. Mwatumu alikuwa amekwisha mwambia mama yake yote, na Bi Semeni hakumgombeza, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko kugombezwa. Baiskeli ilipogota ukutani na sauti ikapiga hodi, Bi Semeni alisema karibu bila kugeuka. Uweso aliingia uani, koti amelivua, jasho la njia kifuani. Aliamkia. Akaitikiwa. Hakuambiwa aketi.

"Mama," akasema, "mzizi ulionipa haukunisaidia. Nilipaswa kuja kukwambia hivyo wewe kabla sijaandika neno. Nilikosa."

Bi Semeni sasa aligeuka. "Nani amekwambia urudi?"

Nyuma ya mama, shangazi Kijakazi alikohoa kikohozi chenye maana, akatikisa kichwa kwa nguvu. Uweso alimwona. Akamtazama Mwatumu, kisha akamtazama mama.

"Mwatumu ndiye aliyeniambia."

"Basi hukurudi," Bi Semeni akasema. "Umerudishwa."

"Ni kweli, mama."

Mwatumu aliona jinsi neno lile lilivyofunga mlango, na aliona kwamba Uweso hatausukuma, kwa sababu hakuwa mtu wa kusukuma milango ya watu. Kama kulikuwa na wa kuufungua ni yeye. Aliweka ukili chini, akasimama. Maishani mwake hakuwahi kumpinga mama yake mbele ya mgeni.

"Mama, niwie radhi. Mgonjwa akipewa mzizi wa mgeni, jino litamuuma tena. Maumivu ndiyo yatakayomleta mlangoni kwetu, hata akiwa na aibu. Uweso hakuja hapa kwa kuumwa jino. Tulimpima kwa kipimo cha wagonjwa, tukasema amepungua. Yeye kosa lake amelikiri. Na letu?"

 Kuku alipita kati yao, akadonoa, akaenda zake.

"Alikuwa anaumwa, wifi," shangazi Kijakazi akasema hatimaye. "Ila si jino."

Kitu kilipita midomoni mwa Bi Semeni, akakizuia. Alinyoosha mkono, akaomba hiyo karatasi. Uweso akampa. Aliigeuza kwenye mwanga, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akaweka kidole juu ya zambarau. Hakuhitaji kuelezwa. Alisema hiyo ni rangi ya maji ya majivu, na Uweso akasema ndiyo, na aliyemfundisha ni binti yake. Kidole kikahamia doa la pili la zambarau.

"Na huyu?"

"Wa mashambani, mama. Ni hafifu kidogo, pengine atahitaji kuchemshwa mizizi mingi zaidi. Mimi siwezi kusema kama ataponya. Nimekuja kukuomba umjaribu, uniambie."

Bi Semeni aliiweka karatasi juu ya magoti. Alisema, kana kwamba anazungumza na magoti yake, kwamba mama yake alimkataza kuutafuna wa mashambani kwa kuwa ni wa mikeka, naye hakuuliza kwa nini. Kisha akainua macho, nayo yalikuwa makali tena.

"Haya utayaandika?"

"Nitayaandika. Kwanza nitaandika kwamba nilikosea, na Jumatano ijayo nitasimama mwenyewe pale zahanati, niisome mbele ya wale wale."

"Na kilima changu? Utawaandikia watu njia ya kwenda kukichimba?"

"Nitaandika kilichomo, mama. Sitaandika kilipo."

"Wakuu wako wakikuuliza?"

"Nitawaambia kina mwenyewe, wamuulize mwenyewe."

Bi Semeni alikunja karatasi, akaitia ndani ya kanga yake kiunoni, hakuirudisha. "Jumatano ijayo," akasema, "na jibu lenu ni kesho. Wataka nikuamini wiki nzima kabla sijaona."

"Nataka hivyo, mama," Uweso akajibu, na hakutazama chini.

 Bi Semeni alimtazama kijana yule kuanzia viatu vyenye vumbi mpaka vidole vya kahawia, akamtazama binti yake aliyekuwa bado amesimama, akashusha pumzi kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Nenda zako," akasema. "Si vizuri mchumba akutwe uani kwa watu siku moja kabla ya jibu. Na wapelekee salamu wazee wako. Waambie kesho wasile kwao."

Uweso alisimama kama hakusikia. Alikuwa msomi, lakini alikuwa pia mtoto wa pwani, na kila mtoto wa pwani anajua kwamba wanaokuja kuambiwa hapana hutiliwa kahawa tu, hakuna anayewapikia. Alifungua kinywa kushukuru. Bi Semeni akamwambia amekwisha sema nenda. Akaenda. Walimsikia akiisukuma baiskeli barabarani kwa miguu, hatua nyingi, kabla ya kukumbuka kwamba inapandwa.

Shangazi Kijakazi alijifuta macho na ncha ya kanga, akadai ni moshi, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

"Lete ungo," Bi Semeni akamwambia binti yake. "Mchele wa safari hii una mawe, nami sitaki mzee wa Moa avunjike jino nyumbani kwangu."

Mwatumu alileta ungo, akaketi ubavuni mwa mama yake, bega kwa bega. Alichambua mchele wa watu kumi na wawili, na jua lilipofika usawa wa ukuta hapakuwa na jiwe hata moja.